Karatasi Itafuata

Nisidanganye mtu: kwenye ile kazi ya Kiomboi sikufuata mshahara. Nilimfuata Paskali.

Miaka ile kila mwenye lori bovu na koleo mbili tatu alikuwa anajiita mkandarasi, na sekondari mpya iliyokuwa inajengwa nje kidogo ya Kiomboi ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote Iramba. Madarasa, mabweni, bwalo, nyumba za walimu. Nikajisemea moyoni, majengo yote haya yatataka kupauliwa, na ukiuliza nani anapaua, kuanzia Singida mpaka Nzega, utatajiwa Paskali. Atakuja tu. Nikaomba kazi ya ukarani wa oda, nikapata, nikakaa kumngoja.

Akaja. Alisukuma mlango wa ofisi bila kubisha, kofia mkononi, tumbo mbele, meno yote nje.

"Mtani wangu!" akapaza sauti. "Kumbe Wanyiramba siku hizi mnapewa viti vya kuzunguka? Mnajua kuvikalia lakini?"

"Tunajua," nikamjibu. "Ninyi Wasukuma ndio mngekitafuta kiwele mkikamue."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho, akaniuliza, "Baba Pendo hajambo?"

Alimuulizia mume wangu hivyo, kwa mdomo uleule. Nikahisi damu inapanda mpaka masikioni.

"Hajambo," nikasema. "Na wewe umefanya vizuri kujileta mwenyewe. Nitakuzika hapahapa Kiomboi, Paskali. Wala sikutanii."

Akajitupa kwenye kiti cha wageni kwa kicheko. "Mnizike pamoja na ng'ombe wangu basi, msije mkabaki mnawala!"

Sasa hapo ndipo penyewe. Mimi Mnyiramba, yeye Msukuma wa Shinyanga. Ni watani tangu kwa mababu, na mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuingia msibani kwako akafanya vituko juu ya maiti ya ndugu yako, ukampa kitu ili aache, na ukamshukuru. Kwa hiyo mimi nilimwambia ukweli mtupu tangu siku ya kwanza, uso kwa uso, na sikumficha hata neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kucheka.

Alichotufanyia ni hiki. Mume wangu Bonifasi alikuwa fundi mkuu kwenye zahanati moja huko chini ya mteremko wa Sekenke. Paskali alipewa kazi ya paa tu, kandarasi ndogo ndani ya ile kubwa. Akaleta mbao mbichi, mbao ambazo ukipigilia msumari zinatoa maji. Bonifasi akazikataa. Akasema kwa mdomo wake, mbele ya vibarua wa Paskali, hizi zikae pembeni, zisipande. Kesho yake shangazi yake akafariki Kinampanda, akaenda kuzika. Aliporudi alikuta kenchi za paa ziko juu na bati zimeshapigiliwa. Alikuwa bado anagomba, baiskeli mkononi, paa likashuka.

Chini yake alikuwa amekaa Benson anakula. Benson alikuwa mtoto pekee wa Febronia, kijana aliyefundishwa kushika randa na Bonifasi mwenyewe. Hakumaliza chakula chake.

Kwenye mkutano wa kijiji Paskali alisimama, kofia kifuani, sauti ya kanisani. Akasema, "Fundi mkuu alizikagua mbao, akasema zipandisheni. Mimi ni nani nimkatalie fundi mkuu?" Vibarua wake walikuwa wanajua, lakini walikuwa wanakula kwake, wakaangalia vidole vya miguu. Na Bonifasi wangu, Mungu amsamehe, si mtu wa maneno. Ukimkaba kwa maswali ulimi unamvimba. Alisimama pale akitetemeka, na watu wakachukulia kutetemeka kwake kuwa ndiyo majibu. Ikaitwa ajali, lakini ajali yenye mwenyewe, na mwenyewe akawa mume wangu.

Tangu hapo hakuna aliyempa hata mlango wa choo autengeneze. Alikaa nyuma ya nyumba akichonga vigoda ambavyo havikununuliwa. Kanisani aliacha kwenda, kwa sababu Febronia alikuwa amehamia Kiomboi kwa dada yake, na alikuwa anakaa benchi la mbele. Bonifasi alimsalimia mara nyingi njiani. Febronia alipita kimya. Mimi alinihudumia, maana alikuwa anauza uji pale saiti, lakini alinipa kikombe huku anaangalia ukuta.

Watu walinishauri niende mahakamani. Sikutaka mahakama wala sikutaka mali ya Paskali. Nilitaka jambo moja: Paskali afungue kinywa chake mbele ya watu, na Febronia akiwa anasikia, aseme zile mbao alizipandisha yeye, zikiwa zimeshakataliwa. Basi. Nilitaka aibu ile itoke kwa mume wangu irudi kwa mwenyewe.

Na silaha ya kumpata wakaniletea wafadhili, bila wao kujua.

Wale waliogharimia sekondari walisema wamechoka kujenga kwa maneno ya mdomo. Wakaleta kompyuta, jenereta la kuiwasha, na programu ya kuendeshea ujenzi, na mimi nikapelekwa Dodoma kufundishwa. Wenzangu waliichukia ile programu kwa ukaidi wake. Mimi niliipenda kwa ukaidi huohuo. Ilikuwa hivi: kila anayepewa kipande cha kazi, awe wa paa au wa mabomba, jina lake linaingizwa kama kandarasi ndogo. Likiingizwa linakuwa jekundu. Injinia akiridhia, anaandika neno lake la siri, linageuka kijani. Likishakuwa kijani ndipo oda za vifaa zinapoweza kuzaliwa chini yake, kila oda na namba yake. Bila namba, stoo kipa wetu, mzee Alute, hafungui geti, hata umletee barua ya waziri. Na kingine: jina likiwa jekundu, karani anaweza kulifuta kwa kubonyeza tu. Likishakuwa kijani, hakuna wa kuligusa ila makao makuu Dar es Salaam.

Mafundi waliiona kama mchezo wa watoto. Maisha yao yote walikuwa wamefanya kazi kwa neno moja: anza tu, karatasi itafuata. Na kweli karatasi ilikuwa inafuata, kazi ikishakwisha, ikiandikwa kwa kuangalia kilichokwisha kufanyika. Hata kwenye zahanati ilikuwa hivyo. Kama kukataa kwa Bonifasi kungeandikwa mahali, Paskali angesimama na kofia yake aseme nini?

Injinia Abdulhamidi ndiye alikuwa wa kwanza kuidharau mashine. Mtu mzuri, mtoto wa wenye maduka Singida mjini, anayejua zege kuliko yeyote, lakini ukimweka mbele ya kompyuta anatoka jasho. Wiki ya kwanza tu alinitajia neno lake la siri kupitia dirishani, kwa sauti, wauza saruji wote wakisikia. "Ni Radhia, jina la mama! Wewe bonyeza, Mama Pendo, mimi niache nijenge!" Ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye aliridhia kwa kutikisa kichwa, mimi nikaandika Radhia.

Paskali alipopata tenda ya paa, Abdulhamidi alikuwa mguu mmoja ndani ya gari, anakwenda Hija. Alimpa mkono palepale kwenye msingi wa bwalo. "Leta mbao, Paskali, uanze. Karatasi itafuata. Mama Pendo atakuprintia."

"Mtani wangu yupo, wasiwasi wa nini?" Paskali akasema, akanikonyeza.

Gari likaondoka. Nikaingia ofisini, nikaandika mzabuni wa pili wa akiba, kisha juu yake jina la Paskali, kazi yake, masharti yake. Likatokea jekundu. Nikaenda kunywa uji.

Mbao zikaja kwenye lori la Iringa na tela lake. Nilitoka kuziangalia. Nimekaa na fundi miaka mingi, ubao ninaujua. Zilikuwa nzuri. Zimenyooka, kavu, unagonga zinalia. Nikasimama pale nikazishika, na nawaambia, hasira niliyoipata siku ile hata siku ya ule mkutano sikuipata. Kumbe alikuwa anajua kununua mbao! Siku zote alikuwa anajua! Kwa wafadhili wenye kompyuta analeta mbao kavu, kwa watu wa chini ya Sekenke analeta mbichi.

Mzee Alute alimwomba namba ya oda.

"Namba itafuata," Paskali akasema.

"Na geti litafuata," mzee akajibu, akarudi kwenye kivuli chake.

Dereva wa lori hakuwa na muda wa mabishano. Akashusha mbao zote nje ya uzio, kando ya barabara, akageuza. Na mvua zilikuwa bado hazijatuaga.

Paskali alikuja ofisini siku hiyohiyo, bado anacheka. "Mama Pendo, mashine yako imemeza jina langu?"

"Haijameza. Njoo uone." Nikamgeuzia skrini. "Si jina lako hili?"

"Ndilo. Mbona jekundu?"

"Kwa sababu nimelikataa."

"Ha! Mnyiramba ana roho mbaya huyu!" Akageuka kumwambia kibarua wake aliyekuwa mlangoni. "Unamwona? Anataka soda." Akaniletea soda. Nikanywa. Jina likabaki jekundu.

Akaja tena, na tena. Kila akija tunataniana, na kila nikimtania namwambia ukweli. Nilimwambia mbao zako zitapinda kama miguu yako. Akacheka. Nilimwambia nakunyonga polepole. Akacheka, akawahadithia na wenzake kwenye kilabu cha pombe. Watu wakawa wanapita dirishani kuuliza, "Mama Pendo, mtani bado hujamwachia?" Nawajibu bado, wanakwenda zao wanacheka. Niseme kweli, nilifurahi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu zahanati ile ianguke.

Mvua ikapiga. Akatafuta maturubai, upepo ukayachana. Jua likatoka kali, halafu mvua tena. Mbao za juu zikaanza kujikunja. Vibarua wake waliokuwa wanakaa bure wakaanza kunung'unika, wawili wakatorokea Sekenke kuchimba dhahabu. Mzee Alute hakulegea. Wakubwa wa kuwalilia hawakuwapo, maana Dar waliangalia mashine tu, na kwenye mashine yao Paskali hakuwepo. Jina jekundu halisafiri. Kila Ijumaa nilipeleka diski kwenye basi, na ndani yake kulikuwa na mafundi wote isipokuwa yeye.

Siku moja akaingia bila kofia. Hakukaa.

"Mama Pendo. Hebu tuache utani."

"Utani niliuacha zamani," nikamwambia. "Wewe ndiye ulikuwa unaendelea nao peke yako."

Akanitazama. Nikaona jinsi uso unavyobadilika mtu anapoelewa jambo ambalo limekuwa mbele yake siku zote. Midomo ilikuwa bado imejiweka kwa kucheka, lakini macho yalikwisha kuondoka.

"Ni kwa sababu ya Bonifasi," akasema.

"Umechelewa lakini umefika."

"Mama Pendo, mimi nina watoto. Nimekopa kila mahali kwa ajili ya mbao zile. Zikioza, nimekwisha."

"Febronia alikuwa na mmoja tu. Na yeye amekwisha."

"Yule kijana Mungu alimpenda zaidi..."

Nilipiga meza mpaka kikombe kikaruka. "Koma! Usimtie Mungu kwenye mbao zako mbichi! Mungu ndiye alizipandisha? Mungu ndiye alisimama mkutanoni na kofia kifuani?"

Akarudi nyuma hatua. Mwanaume mzima, tumbo lote lile, na mimi sifiki begani kwake.

"Unataka nini?" akauliza.

"Kesho asubuhi, watu wakikusanyika kabla ya kugawiwa kazi, utasimama mbele yao. Utasema Bonifasi alizikataa mbao. Utasema wewe ndiye ulizipandisha. Useme Benson aliuawa na tamaa yako. Hivyohivyo, bila kupamba."

"Nitafungwa!"

"Nani akufunge? Si mlishaita ajali? Hutafungwa. Utaona aibu tu. Mume wangu amekaa na hiyo aibu mpaka imemla nyama za mwili, na ilikuwa yako. Njoo uichukue."

Alitazama lile jina lake jekundu. Nje, jenereta lilikuwa linanguruma. Mwishowe akasema, "Nikisema, utaniprintia?"

"Ukisema, nitakuprintia."

Jioni ile kumtoa Bonifasi nyumbani ilikuwa kazi kuliko kumbana Paskali. Alikataa katakata. Akasema, "Mama Pendo, mimi nimeshazoea." Kauli hiyo iliniuma. Mtu anazoeaje jambo kama lile? Nikamwambia kama hatakuja kwa ajili yake, aje kwa ajili ya Pendo, ambaye shuleni wanamwita mtoto wa paa. Hilo hakuwa analijua. Nilikuwa nimemficha. Asubuhi nikamkuta amenyoa ndevu, amevaa shati lake la Krismasi, amekaa mlangoni ananingoja.

Tulifika watu wakiwa wamekusanyika. Mafundi, vibarua, madereva, mzee Alute na funguo zake, na upande wa ukuta akina mama wa uji na masufuria yao. Febronia alikuwa anachota. Alimwona Bonifasi, akageuzia uso ukutani kama kawaida yake.

Nyapara alipomaliza kuita majina, Paskali akajitokeza katikati. Alikuwa amekunja kofia mkononi kama kitambaa.

"Jamani," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Nina neno. Ile zahanati ya kule chini, iliyoanguka. Fundi mkuu Bonifasi alizikataa mbao. Zilikuwa mbichi. Akaondoka kwenda msibani, mimi nikazipandisha. Yule kijana Benson... mimi ndiye niliyemuua. Si Bonifasi. Mimi."

Nikasema moyoni, haya sasa, haya, sikieni.

Halafu dereva mmoja akapasuka kwa kicheko.

"Mama Pendo!" akapiga kelele. "Umemkamata mtani! Leo umemkamata!"

Na wote wakafuata. Uwanja mzima! Walishika mbavu, waliinamia koleo. Walikuwa wameshasikia habari za jina jekundu na soda kwa wiki kadhaa, wakaona hili ndilo hitimisho lake: Mnyiramba kambana Msukuma mpaka Msukuma anajisingizia mauaji ili apate karatasi. Mmoja akasema, "Ongeza, mtani! Sema pia uliiba ng'ombe!" Mwingine akasema, "Sema uliangusha na mnara wa simu!"

Nikapaza sauti, "Si utani! Nyamazeni, si utani!" Ndiyo kwanza wakazidi. Mtani gani husema anatania?

Nikamtazama Paskali. Mwanzoni alikuwa ameduwaa kama mimi. Kisha nikaiona ile hali ya kuponea chupuchupu inampanda usoni, polepole. Mabega yakashuka. Tumbo likarudi mahali pake. Na mwana haramu yule akatabasamu, akavaa kofia yake, akawapungia watu mkono.

"Mmesikia wenyewe!" akasema. "Mama Pendo, nimesema. Sasa printa iimbe!"

Wakapiga makofi. Bonifasi alikuwa ameinamisha kichwa. Alivuta baiskeli yake taratibu, akaanza kuigeuza. Nilitamani ardhi inimeze, nilitamani kumrukia Paskali nimtoe macho kwa kucha zangu. Mimi ndiye niliyemleta mume wangu pale. Mimi ndiye niliyemvalisha shati la Krismasi aje achekewe.

Febronia akaweka kata ndani ya sufuria.

Sikumwona akitoka ukutani. Nilimwona akiwa tayari katikati, kanga kiunoni, mikono ina unga wa mtama. Yule dereva alimwona, akafunga mdomo. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Paskali," Febronia akasema. Hakupaza sauti. "Siku tuliyomzika Benson, uliruka ukalala kaburini. Ukasema wewe ni mtani, hutoki mpaka upewe kitu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia, lakini na mimi nilicheka kidogo, nikasema hata mwanangu amepata watani wa kumsindikiza. Nikakupa jogoo wangu mwekundu, ndiyo ukatoka, ndiyo tukamlaza."

Tulikuwepo. Nusu ya watu wa pale walikuwepo siku ile.

"Ninakuuliza," akasema. "Wakati umelala humo ndani, ulikuwa unajua?"

Paskali alifungua mdomo. Nadhani alitafuta kichekesho, maana mkono ulianza kupanda kama anataka kupungia watu. Haukufika. Akatazama huku na huku, na kila aliyemtazama alikuwa anangoja jibu, hata wale vibarua wake. Akaivua kofia.

"Nilijua, mama," akasema.

Nani acheke? Hata mzee Alute alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Basi nirudishie jogoo wangu," Febronia akasema.

Akamwacha amesimama. Akaenda moja kwa moja kwenye geti, alikokuwa Bonifasi na baiskeli yake. Akasimama mbele yake. Halafu nikamsikia anamwambia, "Baba Pendo, hujanywa kitu asubuhi hii. Njoo unywe uji." Na Bonifasi wangu, ambaye kwenye mkutano wa kijiji hakutoa hata chozi, alilaza baiskeli chini akalia kwa sauti mbele ya mafundi wote. Hakuna aliyemcheka. Mmoja wa vibarua wa Paskali, yule aliyekuwa akisimama mlangoni kwangu, akaenda akamwokotea baiskeli. Akasema, "Fundi, tulikusikia siku ile ukizikataa. Wote tulikusikia." Sikumshukuru. Alikuwa na muda wote ule wa kusema.

Mimi niliingia ofisini. Nilitaka kukaa.

Paskali alinifuata. Alisimama mlangoni, safari hii alibisha. Alikuwa ameshazeeka, ndani ya robo saa.

"Mama Pendo, umeona. Nimesema. Mbele yao wote. Sina jina tena Iramba."

"Nimeona."

"Basi niprintie. Mbao zinaoza. Nitapaua vizuri, wallahi, hata ukikaa juu ya bega langu kunisimamia. Niprintie niondoke mbele ya macho yako."

Nikavuta kibodi. Alisogea kutazama. Jina lake lilikuwa pale, jekundu, na kisanduku cha neno la siri kilikuwa wazi kinangoja. Neno lenyewe herufi sita. Nilijua kwamba mbao za chini bado ni nzuri. Nilijua kwamba angepaua vizuri, maana hofu ingempeleka. Nilijua pia kwamba Abdulhamidi akirudi kutoka Makka ataniuliza, na kwamba huenda kazi ile ikawa yangu ya mwisho. Yote hayo niliyajua, na sikuona hata moja lenye uzito.

Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Mstari wake ukatoweka, na jina la mzabuni wa pili, watu wa Singida mjini, likapanda mahali pake.

Alitazama skrini, akanitazama mimi, akatazama printa ambayo haikulia.

"Limekwenda wapi?" akauliza. "Mama Pendo, limekwenda wapi? Uliahidi! Ulisema nikisema utaniprintia! Uliahidi kwa mdomo wako!"

"Nilikuwa nakutania, mtani wangu," nikamwambia.